Kupunguza Uzito: Namna ya Kujiwekea Lengo Linalotekelezeka

Mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini kote. Katika moja ya Jumamosi hizo, mwandishi wa makala haya alifika uwanjani akiwa na kamera na daftari ili kuripoti habari za wengine. Muuguzi aliyekuwa na mizani na kipimo cha shinikizo la damu alimwomba naye apande. Mizani ilisoma kilo 94. Kipimo cha damu kilisoma 146 kwa 92, na kiliporudiwa baada ya mapumziko kikasoma karibu vilevile. Muuguzi aliuliza swali moja tu: lengo lako ni lipi? Nikajibu, "Kupungua." Akaandika neno hilo kwenye daftari lake, akaliwekea alama ya kuuliza mbele yake, akaniita nirudi siku nitakapokuwa na jibu.

Alama ile ya kuuliza ndiyo iliyozaa somo hili. Wengi wetu katika Njombe na Makambako tumewahi kusema tutapungua: mwezi Januari, baada ya msiba wa ndugu aliyeanguka kwa kiharusi, au siku suti ya harusi ilipogoma kufungika. Tumesema kwa dhati na hatukupungua. Mara nyingi kosa huwa katika namna lengo lenyewe lilivyowekwa, wala si katika nia ya mhusika.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na uzito uliozidi, mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Utafiti wa hali ya afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/2016 ulibaini kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Mkoa wetu una hali yake ya pekee. Mwaka 2022, watoto wenye udumavu katika Mkoa wa Njombe walikuwa asilimia 50.4 ya watoto wote walio chini ya miaka mitano, katika ardhi inayotoa viazi, mahindi, maharage, maziwa na parachichi. Hivyo basi, nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye uzito uliozidi, wote wakila chungu kimoja. Sababu mojawapo ni ileile: sahani imejaa wanga, huku mboga, matunda, maharage na vyakula vya asili ya wanyama vikiwa vichache. Anayejifunza kuipanga sahani yake vizuri humsaidia pia mtoto wake, ilimradi azingatie tahadhari tutakayoitaja mbele.

Liko pia jambo ambalo watu hulinong'ona. Mkoa wetu umekuwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI nchini; katika utafiti wa mwaka 2022/2023 kiwango kilikuwa asilimia 12.7. Kwa sababu hiyo, mtu anayepungua huulizwa upesi anaumwa nini, na anayenenepa hupongezwa kwamba amenawiri. Wako wanaouogopa ulimi wa jirani kuliko shinikizo la damu. Ndugu msomaji, lengo lililoandikwa, lenye kipimo na tarehe, ni kinga mojawapo dhidi ya minong'ono hiyo, kwa kuwa wewe mwenyewe na watu wa nyumbani kwako mnajua kwa nini unapungua na kwa kiasi gani. Kinyume chake, mtu anayepungua bila kukusudia asifurahie wala asijifiche. Afike kituo cha huduma za afya apimwe kisukari, kifua kikuu na VVU. Na anayetumia dawa za kufubaza VVU akaona uzito unaongezeka asiache dawa hata siku moja, bali amweleze mtoa huduma wake.

Hatua ya kwanza: jua ulipo

Msafiri hawezi kukata tiketi bila kujua yuko kituo gani. Vipimo vitatu vinatosha kuanzia.

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mwandishi ana urefu wa mita 1.70. Mara 1.70 ni 2.89. Kilo 94 ukigawa kwa 2.89 unapata 32.5. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, uwiano wa 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na 30 au zaidi ni unene uliokithiri. Kipimo hiki hakitumiki kwa mjamzito, na kwa mtu mwenye misuli mingi kinaweza kupotosha.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa kiuno. Hapa futi ya kamba ya fundi cherehani inatosha. Hatari ya magonjwa huanza kuongezeka mwanamke anapozidi sentimita 80 na mwanamume anapozidi sentimita 94. Huongezeka zaidi wanapozidi sentimita 88 na 102 kwa mfuatano huo. Mafuta yanayokaa tumboni ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa moyo na kwa sukari ya mwilini.

Kipimo cha tatu ni shinikizo la damu, na inapowezekana, sukari ya damu. Kipimo kimoja cha damu kinachofika 140 kwa 90 si hukumu. Hurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitisha ugonjwa. Lakini si jambo la kupuuza.

Hatua ya pili: tenganisha mavuno na palizi

Mkulima wa viazi wa Njombe hasemi tu, "Mwaka huu nitavuna sana." Hujua ana ekari ngapi, atanunua mbegu kiasi gani, atapanda lini, atapalilia mara ngapi na atapiga dawa ya ukungu siku zipi. Mavuno anayatarajia, lakini hayamo mikononi mwake kikamilifu, kwa kuwa mvua na bei si mali yake. Palizi imo mikononi mwake.

Malengo ya uzito nayo ni ya aina mbili. Lengo la matokeo ni mavuno: kupungua kilo kadhaa kufikia tarehe fulani. Lengo la vitendo ni palizi: kutembea dakika 30 siku tano za wiki, kupunguza sukari katika chai, kula ugali robo ya sahani. Mizani inaweza kukataa kushuka wiki hii kwa sababu ya maji mwilini, hedhi au chumvi ya jana. Aliyejiwekea kilo peke yake atavunjika moyo. Aliyejiwekea vitendo atajiuliza tu kama alipalilia.

Andika lengo moja la matokeo, kisha malengo mawili au matatu ya vitendo. Yasizidi matatu. Anayeanza siku moja kuacha sukari, kuacha ugali, kukimbia alfajiri na kufunga chakula cha jioni, kwa kawaida hurejea alikotoka kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya tatu: weka kiasi kinachofikika

Hapa ndipo malengo mengi hufia. Mtu mwenye kilo 94 husema atarudi kwenye kilo 65 alizokuwa nazo alipomaliza shule, tena kwa miezi mitatu. Lengo hilo humvunja moyo kabla ya kumfaa.

Ukweli wenye faraja ni kwamba mwili huanza kunufaika mapema. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuanzia hutosha kwa watu wengi kushusha shinikizo la damu na kuboresha sukari. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Kundi mojawapo lilipewa malengo mawili: kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kwa wastani wa takriban miaka mitatu ya ufuatiliaji, visa vipya vya kisukari katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Watu hao hawakuwa wembamba. Wengi walibaki na uzito uliozidi. Lakini walikuwa wamejikinga.

Kwa mwandishi, asilimia 5 ya kilo 94 ni kilo 4.7. Kasi salama kwa mtu mzima ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na hata chini ya hapo si aibu. Kwa hiyo lengo likaandikwa hivi: "Nitapungua kutoka kilo 94 hadi 89.5 katika wiki 12." Muuguzi aliposoma, aliifuta alama ya kuuliza.

Hatua ya nne: chagua vitendo kwa hesabu

Usichague vitendo kwa sababu jirani kavichagua. Andika kwa siku tatu kila unachokula na kunywa, bila kujidanganya, kisha tafuta mahali palipo na ziada.

Tuanze na chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, sawa na kalori 16. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku kwa vijiko vitatu kila kikombe, anakula gramu 48 za sukari, karibu kalori 190. Akibaki na kijiko kimoja kwa kikombe, ameokoa takriban kalori 130 kwa siku. Kwa wiki 12 hizo ni zaidi ya kalori 10,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa mwili hupunguza matumizi yake kadiri unavyopungua, lakini inaonesha uzito wa jambo dogo linalorudiwa kila siku.

Tuje kwenye kiazi, zao letu. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zisizofika 90. Gramu hizohizo zikiwa chipsi zina takriban 300. Kiazi hakina kosa, mafuta ndiyo yaliyoongeza: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Parachichi nalo ni tunda lenye mafuta mazuri kwa moyo, lakini tunda kubwa zima linaweza kuzidi kalori 300. Nusu yake inatosha kwa mlo, nalo lichukue nafasi ya mafuta mengine, lisiongezwe juu yake. Pombe, ya kienyeji au ya chupa, nayo huhesabiwa: kila gramu ya kilevi ina kalori 7, na mara nyingi huita nyama choma ya saa nne usiku.

Kuhusu mazoezi, mtu mwenye kilo 90 akitembea kwa kasi kwa dakika 30 hutumia takriban kalori 180. Ni chini ya robo ya sahani ya chipsi ya gramu 250. Kwa hiyo haifai kutembea ili kujihalalishia chipsi. Hata hivyo, kutembea kuna faida yake kwa moyo, sukari, usingizi na kuzuia uzito usirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mkulima anayelima kwa jembe siku nzima huenda amekwisha kuzifikisha. Karani, dereva wa lori, muuza duka na mshonaji wanatakiwa kuzitafuta.

Mwandishi alichagua vitendo vitatu: kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, kutembea kwenda na kurudi kazini, dakika 20 kila upande, badala ya bodaboda, na sahani ya jioni yenye nusu ya mboga za majani, robo ya ugali na robo ya maharage, dagaa au nyama.

Kwa mama lishe wa stendi ya Makambako, vitendo vitakuwa tofauti. Yeye husimama tangu alfajiri na kuonja kila chungu, na mara nyingi hula kilichobaki ili kisiharibike. Kumwambia akimbie ni kumwongezea mzigo. Kitendo chake cha kwanza chaweza kuwa kujipakulia sahani yake saa saba kamili na kuketi kuila, na cha pili kupika kiasi kinachouzika ili mabaki yasiwe chakula chake cha tatu.

Hatua ya tano: tarajia vikwazo kabla havijafika

Mwaka 1999 mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer alieleza kwa ushahidi kwamba mtu anayepanga mapema "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza azma yake zaidi ya yule mwenye nia tupu. Sisi tunaweza kuandika yetu kwa mazingira yetu:

Iwapo baridi ya Juni na Julai itanizuia kutoka saa kumi na mbili asubuhi, nitatembea saa saba mchana jua likiwa limetoka.

Iwapo mvua itanyesha jioni, nitafanya mazoezi ya kuchuchumaa na kusimama ndani kwa dakika 15.

Iwapo nitaalikwa harusini, nitapakua mara moja tu, nikianza na mboga, na nitakunywa maji badala ya soda ya pili.

Iwapo mwenyeji atanilazimisha kuongeza, nitashukuru na kusema daktari amenipangia kiasi. Katika mila zetu kukataa chakula ni kumkosea mwenye nyumba, lakini kuagizwa na daktari kunaeleweka.

Hatua ya sita: fanya kama kikundi cha VICOBA

Wanachama wa VICOBA hawaweki akiba kwa sababu wana fedha nyingi kuliko wengine. Huweka kwa sababu kuna siku ya kukutana, daftari, na mtu atakayeuliza kama hukufika. Tumia utaratibu huo. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, uandike. Pembeni andika idadi ya siku ulizotimiza kila kitendo. Tafuta mtu mmoja, mwenzi wako au mfanyakazi mwenzako, atakayeliona daftari hilo kila Jumamosi. Asiye na mizani apime kiuno kwa futi ya kamba mara moja kwa mwezi.

Kila baada ya wiki nne soma daftari. Ikiwa vitendo vimetimizwa na uzito haushuki, badili kitendo kimoja. Ikiwa vitendo havikutimizwa, punguza ukubwa wake: siku tano ziwe tatu. Kilichokosewa ni mpango, nao hurekebishika.

Ilivyokuwa

Haki inataka mwandishi atoe taarifa. Wiki 12 zilipotimia, mizani ilisoma kilo 90.2. Lengo lilikosekana kwa gramu 700. Mwezi Juni ulipoingia na baridi yake, kutembea kulikoma kwa wiki tano, maandazi ya saa nne yakarudi, na kilo mbili zikarudi pamoja nayo. Safari zilizopita hapo ndipo daftari lingetupwa. Safari hii sentensi ya "iwapo baridi" ilikuwa imeandikwa, ila haikuwa imefuatwa, ikaanza kufuatwa. Leo mizani inasoma kilo 88, na kipimo cha damu kimeshuka hadi 132 kwa 84. Mtu mmoja ameuliza kama naumwa. Nilimwonesha daftari, naye akaomba nimwelekeze namna ya kulianzisha lake.

Tahadhari

Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo asianze mpango wa kupunguza uzito kabla ya kumwona mtaalamu. Anayetumia dawa za kisukari anaweza kushukiwa sukari ghafla akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa. Dawa za kupunguza tumbo zinazotembezwa mitaani bila kusajiliwa ziepukwe kabisa. Na mzazi anayepunguza mafuta na chakula chake asipunguze cha mtoto: mtoto mdogo anahitaji mafuta, maziwa, mayai na maharage ili akue. Pika chungu kimoja ukitaka, lakini sahani zipakuliwe tofauti.

Zoezi la mwezi huu

Chukua karatasi moja, ujaze nafasi hizi sita:

1. Leo tarehe ..., uzito wangu ni kilo ..., kiuno sentimita ..., shinikizo la damu ...
2. Asilimia 5 ya uzito wangu ni kilo ... Nitaifikia kufikia tarehe ...
3. Sababu yangu, kwa sentensi moja: ...
4. Vitendo vyangu (visizidi vitatu): ...
5. Iwapo ..., nitafanya ... (andika angalau viwili)
6. Atakayeliona daftari langu kila wiki ni ...

Nafasi ya tatu usiiache wazi. Ya mwandishi inasema hivi: "Nataka kumpeleka binti yangu darasa la kwanza nikiwa natembea kwa miguu yangu." Kilo zitapanda na kushuka, lakini sababu ndiyo itakayokutoa kitandani asubuhi ya baridi.

Chukua karatasi hiyo ufike nayo katika zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe, uombe kupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu. Ukihitaji ushauri wa mlo, uliza kwa Afisa Lishe wa Halmashauri yako au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa au kijiji chako. Na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, tukutane uwanjani.